Pua ya Anyesi na chupa tatu za damu

Saa moja asubuhi, kwenye ghala la mazao Ihumwa. Anyesi Chilongani anachoma bambo, chuma chenye mfereji, kwenye gunia la karanga, punje zinateremka hadi kiganjani. Anaziinua kuelekea puani, anafumba macho, kisha anashtuka kama aliyeshika kaa la moto. Anazimwaga kwenye sinia.

“Mazoea yana taabu,” anasema, akijifunga tena kitambaa usoni.

Kwa miaka kumi na tisa mama huyu wa Kibakwe, mwenye umri wa miaka 47, amekuwa pua ya ghala hili. Msimu ukikolea hunusa magunia themanini kwa siku. Karanga yenye ukungu huijua kabla jicho halijaiona.

“Muuzaji anapanga nzuri juu, mbovu chini. Macho yanadanganywa. Pua haidanganywi,” anasema.

Hamwamini mtu, na hilo halifichi. Hata mimi mwandishi aliniomba kitambulisho, akakisoma pande zote mbili.

Mwaka 2019 aliugua kifua kikuu, akameza dozi ya miezi sita, akapona. Miaka mitatu baadaye kikohozi kikarudi, safari hii na damu. Kutoka kilo 61 akashuka hadi 44. Makohozi yalipimwa mara mbili, vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana. Akapewa dozi ileile tena. Haikusaidia kitu.

Ndipo katika hospitali moja ya mjini, mtaalamu wa maabara aitwaye Yotham akaomba kumtoa damu atafute kingamwili dhidi ya kuvu, yaani fangasi. Anyesi akakataa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

“Kila nikienda wananitoa damu, kila nikirudi naumwa. Nikajiuliza, hiyo damu yangu inaenda wapi?”

Yotham alimweleza taratibu. Kingamwili ni askari wa mwili, na kila kundi hutengenezwa kwa ajili ya adui mmoja. Humtambua, humng'ang'ania, ili wenzao waje wammalize. Vumbi la ukungu wa nafaka huingia katika vifua vya watu wengi na kufukuzwa. Lakini pale kifua kikuu kilipoacha tundu kwenye pafu, kuvu wa ukungu huo huweza kupata makazi.

“Akasema huenda damu yangu imejaa hao askari. Nikamwambia, mwanangu, kama askari ni wengi hivyo, mbona mwizi hajakamatwa? Hapo nikajua ananidanganya.”

Nilipomuuliza Yotham swali hilohilo, alicheka. “Nilimwambia, mama, askari wameizingira nyumba, ila mwizi kajifungia chumba cha ndani. Wingi wao ndio unaotuambia yumo.”

Maneno hayakumtosha Anyesi. Akadai kipimo kifanywe kwa desturi ya ghalani.

Ghalani kwao, mnunuzi na muuzaji wakibishana, karanga za kila gunia hufungwa katika kipande cha kitambaa. Kila kitambaa hutiwa idadi yake ya mafundo, kisha hupewa mtu ambaye hakuyaona magunia, anuse na kuamua. Anayejua fundo lipi ni la nani huwa mmoja tu, naye hufunga mdomo.

Basi akaenda hospitali na watu wawili: binti yake Debora, mwanafunzi ambaye hajawahi kukanyaga ghalani, na Sila, kijana wa miaka 29 anayenusa naye magunia kwa mwaka wa nne. Muuguzi akawatoa damu wote watatu. Badala ya majina, Anyesi akazifunga chupa kwa uzi wenye mafundo, kisha akampelekea Yotham.

Wiki iliyofuata Yotham alimsomea majibu. Fundo moja, kingamwili ziko chini. Mafundo mawili, ziko juu mara nane ya kiwango cha kawaida. Mafundo matatu, zimezidi kidogo.

“Mafundo mawili yalikuwa yangu,” Anyesi anasema.

Picha ya kifua ikaonyesha tundu, na ndani yake bonge la kuvu. Sasa yuko mwezi wa tatu wa vidonge na amefika kilo 49.

Mafundo matatu yalikuwa ya Sila. Yotham anasisitiza kwamba hayo peke yake si ugonjwa, damu yake imeonyesha tu kwamba imeshakutana na kuvu. Anyesi hata hivyo hataki kijana anuse tena.

Hapo ndipo penye mgogoro, maana mwenye ghala ameshamwahidi Sila kiti cha Anyesi.

“Mama namheshimu,” Sila ananiambia pembeni. “Lakini leo naahidiwa kiti, kesho yake ananiambia damu yangu ina fangasi, na mafundo aliyajua yeye peke yake. Wewe mwandishi ungeamini?”



Anyesi anataka mwenye ghala anunue kipima unyevu, karanga zikaguliwe kwa mashine, kwa macho na kwa vidole. Anatumaini kumaliza vidonge mwezi Agosti akiwa na nguvu ya kurudi kulima Kibakwe. Zaidi anaomba Sila asije kukohoa kama yeye.

Naaga. Sila anatoa mfukoni uzi mwekundu. Jumatatu anakwenda kupimwa upya, na watu wawili aliowachagua mwenyewe.

“Hebu nione mafundo,” Anyesi anaomba.

Sila anaufumbata uzi. “Hapana, mama. Haya ni yangu.”

Anyesi anacheka hadi kikohozi kinamkaba, anajishikilia kwenye gunia.

“Hivyohivyo, mwanangu,” anasema akifuta macho. “Usiniamini hata mimi. Ila nenda.”