Kastabini ya Hariri

Bibi anayeshona kimono jirani yetu hapa Kanazawa hushona huku midomo ikicheza, kama vile anaikaripia sindano. Kidole chake cha kati kimevimba fundo, kastabini yake ya zamani haipiti tena, na bila kastabini hakuna kushona. Kwa hiyo majira haya ya theluji, kila nikitoka shule, namkuta akitengeneza mpya: pete ya karatasi iliyovikwa kitambaa, kisha uzi wa hariri unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, mpaka pete nzima ifunikwe magamba kama ya samaki. Sijui macho yake yanaonaje!

Jana alifika mshono wa mwisho. Magamba hayakukutana, ulibaki upenyo mwembamba kama unywele.

“Wifi, nani ataona?” akauliza Bi Tomie, aliyeketi dirishani akimenya chungwa. “Au nunua ya chuma tupumzike.”

“Ya chuma mvishe mumeo.”

“Mume wangu si kaka yako?”

“Namjua. Ndiyo maana.”

Tulicheka, yeye hakucheka. Alisema aligawa vibaya alama za kuongoza uzi alizochora kwenye pete mwanzo kabisa, na sindano ikipata upenyo ule itamchoma. Akachukua mkasi, akakata uzi wote, kazi ya majuma. Kisha akazungusha karatasi mpya kwenye lile fundo la kidole, akauma meno, akaisukuma mpaka ikapita.

“Tomie,” akasema, “sogea na machungwa yako. Unanizibia mwanga.”