Ekstensheni Niliyomchagulia Mwalimu wa Ihembe

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya hospitali, Karagwe, Fundi Mkuu hakunipa hata bisibisi. Alinipa ndoo.

"Kamwagie maji ethi."

Nikadhani ananitania. Ethi ni waya unaoshuka hadi kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini, ili umeme ukizidi upate pa kwenda. Kiangazi udongo hukauka, ethi inakuwa haina kazi. Basi nikawa mbeba maji, huku nikinung'unika.

Baadaye nilipelekwa shule ya sekondari upande wa Mabira, chini ya Msimamizi wa Majengo, mtu mkali ajabu. Miaka ya tisini nikakabidhiwa kutunza jenereta ya misheni, Ihembe, iliyogawa umeme kwa nyumba chache za jirani. Nyumba mojawapo ilikuwa ya Mwalimu mstaafu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba fundi. Mwanangu kaniletea kompyuta. Nichagulie ekstensheni ya maana, maana maneno ya bibi zetu yote yamo humu ndani."

Kwa miaka mingi alikuwa akizunguka kwa vikongwe, akiandika kwenye madaftari maneno ya Kinyambo, lugha yetu: majina ya ndizi, ya ng'ombe, ya magonjwa. Sasa alikuwa amemaliza kuyachapa.

Nikaenda hadi Bukoba. Dukani zilikuwepo mbili. Moja ilikuwa na matundu sita na taa nyekundu ya kupendeza, lakini kazi yake ni kugawa umeme tu. Ya pili ilikuwa na matundu manne, waya mnene, plagi ya pini tatu, na ndani yake kinga inayonasa umeme uliozidi na kuusukumia kwenye ethi. Nikachukua hiyo. Nilirudi kifua mbele, utadhani nimeitengeneza mimi.

Tatizo, nyumba ile haikuwa na ethi. Penye unyevu palikuwa mahali pamoja tu, nyuma, kwenye kibanja cha migomba, hatua mbili kutoka kaburi la mama yake Mwalimu. Nikaona haya. Nitapigiliaje chuma ubavuni mwa mama wa mtu? Nikachomeka ekstensheni, nikajiambia kinga itatosha, nikanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Masika yalipokuja, radi ilipiga nguzo yetu mchana kweupe. Nilipofika kwa Mwalimu, ekstensheni ilikuwa nyeusi na kompyuta imekufa.

"Na madaftari je?" nikauliza.

"Mke wangu aliyatumia kuwashia moto. Nilimwambia mwenyewe, maneno sasa yako salama kwenye kompyuta."

Nikamweleza yote, ethi na kaburi. Aligeukia kibanja.

"Fundi, maneno ya kwanza alinipa mama. Ungeniambia tu! Yeye mwenyewe angekushikia hicho chuma."

Laiti angenitukana.

Alianza upya kwa kalamu. Lakini vikongwe wengi walikuwa wameshatangulia, na huko Songambele alifika akakuta matanga. Hadi anafariki hakuwa amejaza hata daftari moja.

Nimestaafu sasa, nalima. Juzi mke wangu alinyoosha kidole kwenye mgomba mmoja, akaniuliza mama zetu waliuitaje ule.

Nikamwambia sijui, nikainama kuendelea kupalilia ili asinione uso.