Dakika Sita za Mkanda

Hospitalini wanamwita Mama Saa, na hawamwiti hivyo kwa mzaha. Kwa miaka kumi na tisa muuguzi huyu amekuwa akichunga mkanda wa chumba cha upasuaji, ule unaojazwa hewa kubana mkono au mguu ili damu isimzibe daktari macho anaposhona. Ukibana kupita saa mbili, kiungo kinaweza kufa. Kwa hiyo huandika ubaoni saa ulipofungwa, hutangaza kila robo saa, na saa mbili zikitimia anafungua, daktari apende asipende.

Mdogo wake, mwalimu wa fizikia, hakuacha kumchokoza. "Dada, unachunga kitu ambacho hakipo! Jana, leo na kesho zote zipo kwa pamoja, kama kurasa za kitabu. Wakati haupiti, ni sisi tu tunaodhani unapita."

"Basi mbona unachelewa kazini?" humjibu, nao huishia kucheka.

Asubuhi moja akaletwa huyo mwalimu mwenyewe, kioo cha dirisha kimemkata mkono na mishipa imekatika. Siku hiyo hakukuwa na muuguzi mwingine. Mama Saa alifunga mkanda, akaandika: saa tatu na dakika kumi.

"Saa moja na nusu tangu kufungwa," alitangaza baadaye, kijasho chembamba kikimtoka. "Saa moja na robo tatu."

Saa mbili zilipotimia, akashika valvu ya kufungulia.

"Ngoja!" daktari alisema. "Umebaki mshipa mmoja. Ukifungua sasa damu itafunika kila kitu, tutaupoteza mkono. Nipe dakika sita."

Mama Saa hakuwahi kumpa mtu hata moja. Aliutazama mkono uliopauka, akamkasirikia mdogo wake kwelikweli. Kama kurasa zote zipo, basi mkono huu umeshapona au umeshaoza, na yeye anatolewa jasho bure! Lakini mshale wa saa ulikuwa unatembea.

"Sita," alisema. "Saba sikupi."

Akazihesabu kwa sauti. Ya sita ilipotimia, daktari alikata uzi, naye akafungua. Vidole vikabaki vyeupe. Akangoja, roho juu, vikabaki vyeupe. Ndipo ukucha wa gumba ukaanza kurudisha rangi.

Adhuhuri, dawa ya usingizi ilipomwisha, mwalimu alifumbua macho. "Dada, mbona hamjaanza?"

"Tumemaliza."

Akatabasamu kivivu. "Unaona? Nimefumba na kufumbua. Hakuna wakati uliopita."

Dada mtu alikuwa na jibu lake kali, lakini machozi yalimtangulia.

"Umepita, mdogo wangu," alisema. "Wote umepitia kwangu."