Amplifaya Moja Tu

Binti yake alishapima ukuta kwa futikamba, akasema kati ya kitanda na kabati inabaki nafasi ya amplifaya moja.

"Moja tu, baba. Siyo moja na kasehemu ka nyingine. Nakujua wewe."

Basi Solo akabaki na siku moja ya kuamua. Jina hilo alipewa kwa sababu ya gitaa la solo alilolipiga miaka thelathini katika bendi ya ukumbi mmoja, na lilimganda hata jina lake halisi likabaki kwenye kitambulisho tu. Mke wake alikuwa amefariki mwaka uliopita. Nyumba ya kupanga ilimzidi kwa ukubwa na kwa ukimya, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Kesho yake asubuhi gari la binti lingekuja kumchukua yeye na virago vyake, na mnunuzi angekuja kuzibeba amplifaya mbili zitakazobaki.

Zilikuwa tatu, zimepangwa sebuleni kwenye sakafu tupu, maana viti vilishaondoka. Zote zilikuwa za taa, yaani zile za mtindo wa zamani ambazo ndani zina vichupa vya kioo vinavyopata moto na kuwaka rangi ya chungwa. Ni nzito, zinakula umeme, zinaharibika ovyo, na mpiga gitaa akishazizoea humwambii kitu kuhusu nyingine.

Ya kwanza aliiita Ile ya Nje. Ilitengenezwa ng'ambo kwa mkono, katika karakana ndogo ya watu wanne, ikaja na cheti chenye sahihi zao wote. Ilikuwa safi, haina kelele, na haikuwahi kumsisimua hata unywele mmoja. Ya pili ilikuwa Nyekundu. Ya tatu ilikuwa Kijivu. Hizi mbili ziliundwa na kaka yake, fundi na mpiga gitaa la rizimu wa bendi ileile, katika wiki moja, juu ya meza moja, kwa mbao za mlango mmoja uliopasuliwa. Nyekundu alimpa Solo, mdogo wake. Kijivu akabaki nayo mwenyewe.

Nyekundu ndiyo iliyomjengea Solo sifa. Ilikuwa na sauti nene, yenye joto, na ukiuvuta waya wa juu wa gitaa noti inakaa hewani mpaka mtu wa mlangoni anageuka. Kijivu ililia kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Maneno hayo ni ya Solo mwenyewe. Aliyasema kwenye maikrofoni mbele ya ukumbi mzima, watu wakashika mbavu, na kaka yake akacheka nao.

Sitampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mzee huyu alishaamua. Angebaki na Nyekundu, na huko kulinganisha kulikuwa danganya toto, ili kesho asije akajiona amemwuza kaka yake bila hata kumsikiliza.

Fundi alifika saa nne asubuhi na begi lake la vyuma. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ufundi aliusomea kwenye benchi la kaka yake Solo, miaka kumi na tisa, tangu akiwa msichana wa kuyeyusha solda, risasi ya kuungia nyaya. Mnunuzi alitaka zote zifunguliwe zikaguliwe kabla hajachukua, na mtu wa kuifanya kazi hiyo mjini alikuwa yeye tu.

"Tulinganishe kwanza," Solo alisema. "Kwa haki."

"Kwa haki tutumie spika moja kwa zote tatu, mzee. Na gitaa moja, na waya mmoja. Hapo tofauti yoyote utakayosikia iko ndani ya boksi."

Akaitoa spika ya Ile ya Nje, akaiegemeza ukutani, akaanza kuunganisha. Kabla ya kuwasha alifuata ule waya wa spika kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Mtu wa kazi hii anaijua amri hiyo kabla hajajua kushika bisibisi: amplifaya ya taa haiwashwi bila spika. Nguvu ikikosa pa kutokea inarudi ndani na kuunguza transfoma, lile bonge la chuma lililosukwa nyaya za shaba, ambalo ndilo linaloipa sauti mwili wake.

Solo alitazama pembeni. Kila fundi akilifanya lile la kidole yeye hutazama pembeni, na sababu anayo.

Miaka kumi iliyopita, kwenye shughuli moja ya mchana, walihamisha vyombo upande wa pili wa jukwaa. Wageni walishakaa, mwenye ukumbi anafoka, na Solo alishapiga bia mbili tatu. Akawasha Nyekundu, akapiga, kimya. Akaongeza sauti. Kimya. Akaongeza mpaka mwisho, akapiga kwa nguvu zake zote, na ndipo ikaja harufu ya kitu kinachoungua. Alipoinama aliuona waya wa spika umelala sakafuni. Aliuchomeka harakaharaka kabla hajaonwa, akageuka na kusema kwa sauti, "Hii nayo imekufa!"

Kaka yake aliichukua kwenda kuitazama. "Imekufa yenyewe, kaka," Solo alimwambia, macho makavu. Akaona haitoshi, akaongeza, "Siku hizi kazi yako unairukaruka."

Baada ya siku tatu Nyekundu ilirudi nzima, tena haijawahi kulia vizuri vile. Mwezi uleule Kijivu ndiyo ikaanza kukonda sauti. Solo wakati huo alikuwa kiongozi wa bendi. Ukaja mzaha wa nzi, halafu manung'uniko, halafu kikao, na kwenye kikao aliyetoa hoja kwamba rizimu inawaangusha alikuwa Solo. Kaka yake akamwaga unga. Akabaki na benchi lake la kutengeneza pasi na feni, akaanza kukohoa, na baada ya miaka mitatu wakamzika. Kijivu ililetwa kwa Solo baada ya mazishi. Aliipokea kwa heshima na kuiweka nyuma ya mlango.

Sasa alipiga kipande kilekile kwenye kila moja. Ile ya Nje ilijibu kama karani mwenye adabu. Nyekundu ilimfanya afumbe macho, hata vile vidole viwili vikasahau ganzi yao. Kijivu ikalia nzi.

"Spika ni ileile," Solo alisema taratibu.

"Ni ileile."

"Na zilikuwa mapacha. Mwanzoni tulikuwa tukizibadilishana, hakuna aliyejua kwa sauti ipi ni ipi. Ilipatwa na nini hii?"

Fundi alikuwa ameshika bisibisi. Aliipangusa kwenye sketi ingawa haikuwa chafu. "Mzee, si unaiuza? Uza tu. Tufungue hii ya nje."

"Fungua hiyo."

"Mzee..."

"Fungua, mama. Nataka kujua kabla haijaondoka."

Akachomoa plagi, akasubiri, akamwaga umeme unaobaki ndani kwa waya wake wa kazi, maana vitu hivi vinaua hata vikiwa vimezimwa. Kisha akafungua skrubu za nyuma. Solo alipiga magoti. Ndani ya Kijivu, mahali pa transfoma kubwa, palikuwa na matundu manne matupu na alama ya mraba ambapo vumbi lilichelewa kufika. Katikati ya mraba huo kulikuwa na kitransfoma kidogo cha redio ya mezani, kimeshikiliwa kwa skrubu mbili.

Solo alikitazama. Kisha akaionyesha Nyekundu kwa kidevu. Fundi akaifungua nayo.

Ndani ya Nyekundu transfoma ilikaa imenenepa, imeviringishiwa utepe wa kitambaa cheupe kilichogeuka rangi ya chai. Kaka yake alikuwa na desturi ya kuandika kwa kalamu ya wino mzito, juu ya kila alichokisuka, jina la chombo chake, ili kisije kikapotea kwenye lundo. Hapo juu ya utepe, kwa herufi zake zile za kulala, paliandikwa: *Kijivu*.

Solo alilisoma jina hilo. Alikaa chini, pale pale sakafuni.

"Ulijua."

"Nilikuwepo, mzee. Mimi ndiye niliyemshikia tochi."

"Kwa nini asisuke nyingine?"

"Nyaya zile zilitoka kwenye mashine moja kuukuu, hazikupatikana tena. Tulitafuta. Akasema yake inaweza kungoja, wewe una shoo Jumamosi."

"Nilimwambia imekufa yenyewe."

"Nilikusikia." Alivua miwani, akaishika mkononi. "Ulipotoka tu aliinusa, akaniita na mimi ninuse. Akasema, 'Amewasha bila spika. Ataniambia mwenyewe.'"

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo. Solo alisubiri kelele iishe.

"Halafu?"

"Halafu akasubiri. Ulikuwa ukipita pale kibandani kwake, unakumbuka? Kila ukiingia anazima redio. Mimi nilidhani ni heshima ya kwenu tu, mgeni akija mnazima redio. Lakini wengine walikuja na haizimwi. Ni wewe tu. Siku moja nikaelewa kwamba alikuwa anakupa nafasi."

Solo aliikumbuka ile redio. Aliikumbuka ikizimwa, kile kitufe, ule ukimya, na kaka yake akiendelea kukwangua pasi ya mtu bila kunyanyua uso. Na yeye, kwenye ukimya ule, alikuwa akisimulia shoo, akisimulia jinsi watu walivyoshangilia. Aliwahi hata kusimulia kikao. Alisema, usinielewe vibaya, kaka, ni kazi tu. Kaka yake alisema, "Nimekuelewa." Solo akaondoka akiwa mwepesi, akifurahi kwamba ndugu yake si mtu wa kinyongo.

Aliona haya. Tena si haya za kuinamisha kichwa zikapita. Zilimkaa mwilini mwote kama homa, naye hakuwa na pa kuzipeleka.

"Naweza kuirudisha," Fundi alisema. "Nyaya zake ni nzima. Ni kazi ya saa moja. Kijivu itaamka vilevile kama zamani."

"Na Nyekundu?"

"Itakuwa boksi. Lakini si unabaki na moja? Sauti yako utakuwa nayo, na boksi litakuwa lake. Utakuwa umemrudishia."

Ilikuwa hesabu nzuri, na Solo aliitamani. Aliiona kabisa: yeye kwenye chumba cha binti, Kijivu inalia nene na moto, na kila noti inamwambia kwamba mambo yamekwisha. Alinyoosha mkono, akaugusa ule utepe, akaurudisha mkono.

"Kumrudishia nani?" alisema. "Atapiga nani? Nitapiga mimi. Nimekula sauti yake miaka kumi, sasa niihamishie kwenye boksi lake niendelee kuila."

Fundi alivaa tena miwani yake.

"Zifunge. Zifunge hivyohivyo zilivyo."

Alizifunga. Mikono yake ilikwenda polepole, na kwenye skrubu ya mwisho ya Nyekundu alimtazama tena mzee, kwa kumpa nafasi. Mzee alitikisa kichwa.

Asubuhi mnunuzi alikuja na rafiki yake. Waliijaribu Nyekundu palepale uani, na noti ya kwanza ilipotoka majirani wawili walichungulia dirishani. Mnunuzi alicheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu. "Mzee, una hakika hii unaiachia?" Solo alisema ana hakika. Alijikaza kisabuni mpaka gari la mnunuzi, lenye Nyekundu na Ile ya Nje, lilipokata kona, kisha akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Kijivu aliibeba mapajani njia nzima, hakutaka iwekwe nyuma na magodoro.

Kwenye chumba kipya ilienea vizuri kati ya kitanda na kabati, kama ilivyopimwa. Aliufuata waya wa spika kwa kidole, mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Akawasha, akasubiri vichupa vipate moto, akapiga kile kipande chake. Sauti ikatoka nyembamba, kavu, isiyofika hata kwenye pazia. Binti yake alikuwa mlangoni na shuka mikononi.

"Baba, si hii ndiyo uliyokuwa ukiicheka? Umeacha ile nyekundu?"

"Ndiyo hii."

"Mbona inalia hivyo?"

Hapo ndipo alipoyasema, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya shughuli, na aliyasema bila kunyanyua uso kutoka kwenye gitaa. "Niliwasha ile nyekundu bila spika, ikaungua. Baba yako mkubwa akang'oa chuma cha hii akakitia kule. Nami nilikuwa nimemwambia imekufa yenyewe."

Binti hakujua transfoma wala amri za mafundi. Alisubiri kidogo, akidhani kuna kingine kikubwa kinachokuja. Kilipokosekana akaanza kutandika shuka, akiipigapiga mikunjo kwa kiganja.

"Ni hilo tu?" akasema. "Sasa si ungemwambia tu, baba?"