Taarifa ya Kodi ya Mtu Asiyeuza Kitu

Dada yangu ni fundi cherehani. Sokoni wanamwita Sindano, na si kwa sababu ya kazi, ni ulimi. Kodi hulipa, lakini kwa kuvutwa. Watoza kodi wakitokea upande wa juu, yeye hufunika cherehani kwa shuka, akahamia upande wa wateja na kupapasa vitambaa kama mpita njia. "Asiyejulikana hasumbuliwi," husema, na nusu ya soko imejifunza kwake.

Binti yake anasoma ng'ambo. Mwaka jana chuo kiliwaambia wanafunzi wote wa kigeni wapeleke taarifa ya kodi, hata asiye na kibarua. Binti akampigia mama yake kuuliza.

Sindano akacheka. "Unauza nini huko, mwanangu? Nyamaza. Ukijitokeza ndiyo wanakujua."

Mtoto mtiifu, akanyamaza.

Jumatatu moja mwaka huu akapiga simu. Kibali chake cha kukaa kinakwisha, na alipokwenda uhamiaji kuomba kingine wakamuuliza taarifa ya kodi ya mwaka jana iko wapi. Hana. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni kamwambia apeleke sasa, hivyo hivyo kwa kuchelewa, na aeleze sababu. Wakikataa sababu, anafunga virago kabla ya mtihani wa mwisho.

Tangu hapo kazi ikamshinda dada. Gauni la mwalimu alilitia mikono miwili, yote ya kulia.

"Mwambie aseme alikuwa anaumwa," akaniambia.

"Na cheti cha daktari utakishona wewe?"

"Basi aseme hakuambiwa."

"Dada, chuo kiliwaambia wote, uhamiaji wakiuliza tu watajua. Mficha uchi hazai."

Aliweka mkasi chini. Kisha akapiga simu mwenyewe.

"Mwanangu, sema ukweli. Sema mama yako ndiye aliyekukataza. Ni mshonaji, mambo ya huko hayajui."

"Watakudharau, mama."

"Wanidharau tu. Kibali naomba mimi?"

Siku zile, simu ikilia tunaigombania. Muuza vifungo alipiga kuulizia oda yake tu, akatukanwa mpaka akakata. Ijumaa mchana binti akapiga.

"Wamepokea, mama. Kibali kimetoka. Ila wamenionya, nikirudia sipati."

Dada akajiachia juu ya furushi la vitambaa. Nilidhani atalia.

"Na mwakani?" akauliza.

"Mwakani napeleka tena. Kila mwaka, nikiwa huku."

"Hata kama hujapata senti?"

"Hata kama sijapata."

"Haya. Peleka mapema, kisha unipigie uniambie umepeleka. Mama mdogo wako huyu hapa naye umpigie. Mimi nitakuuliza tena kesho yake, maana najua nilivyokulea."