Kumwambia Kabla ya Kumgusa

Wewe unayenisikiliza, pengine nyumbani kwenu kuna mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani. Nitakueleza polepole jambo moja nililojifunza katika kazi ya kutunza wagonjwa hapa Bunia, na jinsi lilivyonipatia mume. Usipolishika mara moja, usijali. Hata mimi lilinichukua muda.

Nilikuwa nikimtunza mama mmoja mtaani Rwambuzi. Alikuwa amepooza upande mmoja, na hakuweza kusema tena. Aliishi na mwanawe, mwanaume wa miaka arobaini hivi, aliyenunua samaki Kasenyi, kando ya ziwa, na kuwauza sokoni. Zamani mchumba wake alivuka ziwa kwenda Uganda kusalimia ndugu, asirudi. Tangu hapo ahadi ya mtu yeyote ilimchekesha. Siku yangu ya kwanza aliniambia kwamba watunzaji watatu walikwisha kuondoka, na kwamba alikuwa ananingojea mimi niwe wa nne.

Sikumjibu. Mimi ni mtu wa haya, na mbele ya mwanaume sauti hunikauka. Akaanza kuniita Radio bila mapile, yaani redio isiyo na betri.

Lakini kwa mgonjwa niliongea. Kabla ya kumgusa nilimwambia kwamba sasa namgeuza upande wa ukuta, au sasa naosha mguu, kisha nikangoja. Akikubali, alifumba macho mara moja, akayafungua. Akikataa, aligeuza uso. Siku moja mwanawe alinisikia kutoka mlangoni, akauliza kama samaki nao huwa nawaomba ruhusa kabla ya kuwakaanga.

Mwezi wa tatu wa kazi yangu, dada yangu alijifungua huko Bule, na hakuwa na mtu wa kumsaidia ila mimi. Niliomba ruhusa ya juma moja. Shida ni kwamba yule mama alikula kwa mkono wangu tu. Kama hangekubali mkono wa mwanawe, angelala na njaa, nami nisingeweza kumwacha.

"Weye utaenda, hautarudi," mwanawe akaniambia. "Sema tu kweli, nizoee mapema."

Nikampa bakuli la uji. Akainua kichwa cha mamake kwa mkono mmoja, akasukuma kijiko kwa mwingine. Mama akafunga midomo, uji ukamtiririka shingoni.

"Unaona? Hata yeye amenikataa."

Hapo sauti ikanitoka. Nilimwambia hajakataliwa, ameharakisha tu. Akae mahali mama anapomwona, aseme anachotaka kufanya, angoje. Alitazama mlango kama mtu anayeogopa majirani watamsikia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, niko na kijiko ya uji. Iko na sukari. Nilete?"

Tulingoja. Alitaka kukata tamaa, nikamwonyesha kwa kidole atulie. Mama akafumba macho mara moja, akafungua mdomo. Mwanawe alimlisha bakuli zima, na alipomaliza akainamia kijiko muda mrefu.

Nilienda Bule. Mvua iliharibu barabara, na hakuna mwenye moto, yaani pikipiki, aliyekubali kunibeba, kwa hiyo nilirudi siku ya tisa badala ya siku ya saba. Njiani niliwaza atakavyonidhihaki. Nilimkuta uani akianika mashuka aliyoyafua mwenyewe.

"Radio imerudi," akasema, akaendelea kuanika.

Mama alikuwa safi, mgongo hauna kidonda. Nilipokuwa nikiukagua, mwanawe aliingia akinukia limau. Alikuwa amesugua mikono kuondoa harufu ya samaki. Akaketi mahali ninapomwona.

"Siku mbili hizi nilisema umeenda kama wale wengine," akasema. "Mama alikuwa anaangalia mlango tu. Nami nikaanza kuangalia." Akaweka kiganja wazi juu ya goti. "Nataka nikamate mukono yako. Nimesema mbele ya kukamata. Sasa ninangoja."

Sauti ikanikauka tena, kama kawaida yangu. Nikafumba macho mara moja. Kitandani, mama alicheka kwa upande wake mmoja wa mdomo.

Sasa ni mama mkwe wangu, na asubuhi mume wangu ndiye anayemlisha kabla ya kwenda sokoni. Bado ananitania, na bado huningoja nijibu.

Basi leo, ukifika kwa mgonjwa wako, kaa mahali anapokuona. Mwambie unachotaka kufanya, kisha tuliza mikono mpaka akujibu.