Mayai Chini ya Blanketi la Baba

Kabla ya ugonjwa wa kuku kupita kilimani kwetu, mama yangu alikuwa kama daktari wa kuku wa majirani wote. Kuku akitaka kuatamia wakati mama anataka mayai, alimtumbukiza kifua kwenye maji baridi asubuhi na jioni mpaka hamu hiyo ikamtoka. Akimtaka aatamie, alimtandikia majani makavu jikoni nyuma ya mafiga, akayatia mayai alama za mkaa ili yale yatakayotagwa baadaye yasichanganyike nayo. Nilipokuwa mdogo nilimwona anawabembeleza kuku kuliko sisi watoto wake. Halafu ugonjwa ukaja, ukafagia banda zima, ukatuachia kuku mmoja mwekundu, mwenye hasira, aliyekuwa tayari ameketi juu ya mayai yake. Watu husema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, na akiangua, watoto huchukuliwa na mwewe. Mama aliichukia methali hiyo. Alisema aliyeitunga alikuwa mvivu wa kufunga mlango.

Mwaka huo baba alikuwa kitandani. Presha ilimwangusha shambani, upande wake wa kushoto ukafa, na mdomo ukapinda. Mtu aliyelima mlima huu tangu ujana wake alibaki kulishwa kwa kijiko, na kila tulipomletea chakula aliugeuzia ukuta uso wake. Nilirudi kutoka Sake, nilikoolewa, ili nimsaidie mama. Nilichokikuta hakikuwa ugonjwa tu. Baba alikuwa anaona aibu kuwa hai.

Ndipo kaka yake mkubwa akafika kutoka Itebero kumwona. Baba alikuwa mtu wa huko, Walikale. Alikuja huku kwetu Masisi kwa ajili ya mama, na hakurudi. Papa mukubwa, ndivyo tulivyomwita kaka huyo, alikuwa ametembea msituni, akapanda pikipiki, akatembea tena, na miguu yake ilikuwa imevimba. Mgeni wa namna hiyo hapewi sombe ya majani ya muhogo na maharagi tu. Kitu cha kumpa tulikuwa nacho kimoja, na kilikuwa juu ya mayai.

Kwetu kuku anayeatamia hachinjwi. Ni sawa na kumvuta mzazi kutoka kitanda cha uzazi, na mgeni akijua amelishwa nyama hiyo, anaondoka ameona haya, harudi tena. Mama alimweleza baba kwa sauti ya chini, mgeni akiwa nje ananawa miguu.

"Kuku iko moja tu, na iko nalala ku mayai."

"Muichinje."

"Na mayai?"

Nikamwona baba anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, mara ya kwanza tangu aanguke. "Uyalete hapa. Uweke ku huu upande muzima. Si niko nalala tu siku yote? Lakini kaka yangu asijue. Hata nikikufa, asijue."

Mama akaapa. Mimi nilidhani wote wawili wamechanganyikiwa. Kuku akachinjwa, papa mukubwa akala, akaisifu nyama, na mayai yakaingia chini ya blanketi.

Kuanzia hapo baba akawa na kazi. Mkono wake mzima uligeuza kila yai asubuhi, mchana na jioni, kama mama alivyomfundisha. Tukitaka kumgeuza mwenyewe, alitukaripia tuende polepole. Uji aliokuwa anaukataa sasa aliumaliza, akisema kuku asiyekula hupoa. "Papa, ukianza kutaga, utaniita," mama alimtania, wakacheka mpaka papa mukubwa, aliyebaki kwetu kumwangalia ndugu yake, akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Tukasema hakuna kitu.

Siku moja mama aliliwekea yai torshi ya telefone, akiwa amelizungushia kiganja. Tukaona mishipa myekundu, na katikati kitu cheusi kinacheza. Baba aliomba aonyeshwe tena. Alisema akiyaangua haya, hakuna atakayesema kwamba alilala bure. Hicho tu ndicho alichokitaka, na mimi nilikitaka pamoja naye kuliko nilivyotaka apone, maana kupona nilikuwa nimeshakukatia tamaa.

Zilikuwa zimebaki siku chache mama alipoingia asubuhi na uji, akamkuta amekwisha. Nilikuwa nyuma yake. Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya blanketi, akaniambia, "Ingali na moto." Alikuwa anasema juu ya mayai. Akayakusanya kwenye kitenge, akayafunga tumboni, juu ya ngozi, akavaa sweta juu yake, akamfumba baba macho. Kisha akatoka kuita watu, amesimama wima.

Mjane wa kwetu huanguka. Hujitupa matopeni, wenzake wakamshika, akawaponyoka, akajitupa tena. Mama aliketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta, mikono yote miwili chini ya sweta, machozi yakimtoka bila mwili kutikisika. Wanawake wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwa sauti, ili asikike, "Mwanamuke gani uyu? Anajichunga kama bibi-harusi." Hata kaburini hakuinama. Papa mukubwa, ambaye alilia mpaka sauti ikamkauka, alikuja kusimama mbele yake.

"Mudogo wangu alioa jiwe," alisema.

Nilifungua mdomo. Mama akaniangalia, nikaufunga. Hasira ile ningali nayo mpaka leo. Aliyekula kuku ndiye aliyemhukumu aliyebeba mayai, na mama alikuwa anamlindia heshima yake.

Siku ya kumaliza kilio ikapita, na siku ya kuangua ikapita pia. Mama aliendelea kuyabeba, akilala ameketi. Papa mukubwa aliondoka asubuhi moja yenye ukungu, bila kumuaga mama. Mama alimtazama mpaka alipopotea kwenye mteremko, kisha akaenda nyuma ya jikoni, akaketi juu ya jiwe, akafungua kitenge, akaanza kuyavunja. Vifaranga vilikuwa vimekamilika, vina manyoya na midomo na kucha. Vilikuwa vimekufa vyote. Yai la mwisho alilishika sikioni muda mrefu kabla ya kuligonga.

Hapo ndipo alipoanguka. Alijitupa kwenye majivu na maganda ya ndizi, akijipiga kifua, akipiga kelele ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote, na mimi nikashindwa kumshika. Majirani wakatoka mashambani mbio, majembe mikononi, wakidhani kuna msiba mpya.

"Nani tena amekufa?" waliuliza. "Mama, nani tena?"

"Bwana yangu," mama alisema. "Ni sasa njo amekufa."